Mapindo, Si Mapinduzi

Vuta kiti, na usinikimbize. Habari hii ni ya neno moja tu, lakini lilizunguka sana kabla halijatua.

Mirriam Kanyiva alikuwa taipisti katika kiwanda cha magunia huko Eneo la Viwanda, na alipanga chumba kimoja Maringo, upande wa bomba la maji. Mtu wa Ukambani, mrefu, mwenye sauti ya chini iliyowafanya watu wamsogelee kumsikia. Hakuwa na mume. Wanawake wa bombani walimwuliza sababu mpaka wakachoka wenyewe, wakaanza kusema kwamba amependa maiti.

Maiti huyo alikuwa Mwalimu Naftaly Kibuchi, na mapenzi yenyewe hayakuwa yale waliyoyafikiria. Mwalimu alifundisha ngumbaru, yaani masomo ya watu wazima, pale kwenye ukumbi wa mtaa. Kanyiva alikuja Nairobi akiwa hajui kuandika zaidi ya jina lake, akaketi kwenye benchi la nyuma, na baada ya miaka michache akawa anaandika kwa mashine vizuri kuliko wengi waliopita shule. Lakini si hayo yaliyomfunga kwa mzee. Mzee alikuwa akimaliza hesabu na herufi, anafuta ubao, kisha anauliza swali. Watu wamepanga foleni bombani, wa kwanza akaenda nyumbani kuchukua ndoo nyingine: je, mahali pake bado ni pake? Mwanamume anayelala chumba kimoja na watu wanane, akisema "mimi", anamaanisha nani? Makuli, mayaya, makarani wa reli, wote waliondoka pale wakibishana mpaka Jogoo Road.

Na aliandika. Aliandika katika jarida la parokia, katika karatasi za chama cha wafanyakazi wa reli, nyuma ya mitihani ya wanafunzi, nyuma ya kalenda. Chuo Kikuu hakikumjua. Magazeti hayakumjua. Alipokufa mwaka wa sabini na nne, alizikwa kwao Kirinyaga kama mzee yeyote mwenye heshima, na karatasi zake zikabaki zimetawanyika katika nyumba za Eastlands, moja chini ya godoro hapa, nyingine ndani ya Biblia pale.

Mwaka wa themanini na mbili Kanyiva aliamua kwamba karatasi hizo zitakuwa kitabu. Si kijitabu, kitabu: maandishi yote ya Mwalimu, pamoja, na jina lake kwenye mgongo.

Hakupanga peke yake. Alikuwepo Wangu, mjane wa Mwalimu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Teresiah, fundi wa nguo mwenye kibanda pale soko la Jericho. Na alikuwepo Okumu, mtu wa Siaya, mwanafunzi mwingine wa ngumbaru, ambaye kazi yake ilikuwa kupanga herufi katika kiwanda kidogo cha uchapaji Shauri Moyo. Alikuwa akizichukua herufi za risasi moja moja kutoka kwenye visanduku, kwa vidole, bila kuangalia, kama mtu anayekula njugu. Tajiri wake alimwamini na ufunguo, kwa hivyo kitabu kingepangwa siku za Jumamosi mchana, mashine zikiwa zimelala.

Watatu hao walikutana kibandani kwa Wangu na kubishana. Wangu alitaka kitabu kianze na yale aliyoandika Mzee akiwa hajakasirika. Okumu alitaka yaliyo mafupi yatangulie, msomaji asikimbie. Kanyiva alitaka yafuatane jinsi yalivyoandikwa, mwaka kwa mwaka, na alitaka jambo moja zaidi, ambalo hakukubali lijadiliwe: hakuna mtu kumrekebisha Mwalimu. Akiwa amekosea, akosee hivyo hivyo. Hata herufi moja isiguswe.

Jina la kitabu halikuwapa taabu. Lilikuwa la insha moja ndefu, waliyoiheshimu wote. Iliitwa "Mapindo".

Labda nawe unajikuna kichwa. Ngoja nikueleze, maana hapo ndipo kila kitu kilipoharibikia. Mwalimu alipokuwa kijana alifundisha pwani, akarudi na Kiswahili cha kule. Sisi wa huku tukimpelekea fundi nguo ya shule tunasema, niachie hemu kubwa, mtoto anakua. Hemu, basi. Lakini pwani ile sehemu ya chini ya nguo iliyokunjwa ndani na kushonwa huitwa pindo, nayo yakiwa mengi ni mapindo. Mwalimu aliketi jioni nyingi akimtazama mkewe akishona sare na kuacha mapindo mapana, akaona hapo pana jambo la kufikiriwa, akaandika kurasa kadhaa kwa kalamu ya risasi juu ya mtu na pindo lake. Insha hiyo ilikuwa moja tu duniani, kwa mkono wake. Wangu alikuwa ameihifadhi kwenye droo ya cherehani.

Kanyiva alipozikusanya karatasi chumbani kwake na kuanza kuzitaipu, hiyo aliiacha ya mwisho. Alisema anangoja utepe mpya wa mashine, isije ikatoka hafifu. Lakini Wangu aliniambia kwamba ni kama mtoto anayeweka nyama pembeni mwa sahani.

Ili wapate karatasi zilizobaki kwa watu, waliamua kubandika tangazo. Kanyiva aliliandika kwa mkono wakati wa chakula cha mchana na kumpa Okumu alichape. Lilisema: MAPINDO. Maandishi yote ya Mwalimu Kibuchi yanakusanywa. Mkutano ukumbini, Jumapili, tarehe 1 Agosti. Kila mwenye chochote alichokificha nyumbani akilete.

Okumu alilichapa Jumamosi na, kwa wema wake, akalibandika mwenyewe: ukumbini, sokoni, kwenye ukuta wa kliniki, njia ya kwenda Makadara. Alitaka Kanyiva ayakute matangazo hayo akitoka kanisani. Na kweli aliyakuta. Aliliona la kwanza pale kliniki, akasimama, akalisoma, akalibandua, akaenda moja kwa moja hadi kwa Okumu, Biblia bado iko kwapani.

"Umefanya nini, Okumu?"

"Nimekusaidia, sister. Uliruka herufi."

"Sikuruka kitu."

"Uliandika mapindo. Mapindo ni nini? Hakuna kitu kama hicho. Nikajua uliandika haraka."

"Ni hemu."

"Hemu ya nguo?"

"Ya nguo."

"Sasa kwa nini hakusema hemu?"

Walicheka. Lazima niseme hilo, maana baadaye hakuna aliyeamini kwamba walicheka. Ilikuwa katikati ya Julai, na tangazo lenye herufi kubwa nyeusi lilikuwa likiwaambia watu wa Eastlands: MAPINDUZI, Jumapili, tarehe 1 Agosti, kila mwenye chochote alichokificha nyumbani akilete. Wangu alipoonyeshwa alisema Mzee alikwenda pwani akarudi na maneno ya kutuletea kifo, kisha akaendelea kushona.

Mchana huo Kanyiva na Okumu waliyafuata yote wakayabandua. La ukumbini peke yake hawakulikuta. Halikuwa limechanwa, wala upepo haukuwa umelichukua. Mtu alikuwa amelitoa polepole, kisha akazichoma zile pini tena kwenye ubao, zikafuatana kwa safu, kama fundi anayejipangia vifaa.

Kicheko kikaisha hapo. Kanyiva alimwuliza mlinzi wa ukumbi, naye akasema hakuona mtu. Aliuliza tena kesho yake, na mlinzi akamwomba asimwulize tena.

Jumapili ya tarehe moja unaijua, na kama huijui uliza nyumbani kwenu. Tuliamshwa na milio upande wa Eastleigh, tukalala sakafuni na watoto chini ya vitanda. Redio ilikuwa ikipiga muziki mmoja tu, kisha sauti ngeni ikasema lile neno. Baadaye sauti nyingine ikasema yamezimwa. Mitaani wanajeshi walikuwa wakiwapekua watu, na vijana waliotupa sare za jeshi wakavaa nguo zisizowatosha wakibisha milangoni wakiomba maji. Kanyiva alikuwa amelala kifudifudi chumbani mwake, na karatasi zote za Mwalimu zilikuwa juu ya meza, zimefungwa kwa kamba. Miaka yote zilikuwa zimekaa salama kwa sababu hazikuwa pamoja. Sasa alikuwa amezileta mahali pamoja, na mkono mmoja ungetosha kuzichukua.

Mkutano haukufanyika. Wiki ile watu walianza kuja kwake wakati wa mchana, mmoja mmoja, kuomba karatasi zao warudishiwe. Karani mmoja wa reli alikiri kwamba anataka kwenda kuichoma yake. Kanyiva akamwambia aketi, akaitaipu mbele yake, kisha akampa akachome.

Walimchukua kazini, asubuhi, katikati ya barua ya meneja. Gari lilikuwa safi na hakuna aliyempigia kelele. Katika chumba walichomwingiza palikuwa na meza, birika la chai, na mwanamume aliyejitambulisha kwa jina la Johnson. Kama ni jina lake sijui. Alikuwa wa makamo, amenyoa vizuri, na alimmiminia Kanyiva chai akamwuliza sukari kiasi gani. Kisha akalitandaza lile tangazo mezani. Lilikuwa na matundu ya pini kwenye pembe.

Alimwomba alisome kwa sauti. Kanyiva akasoma. Alimwomba arudie ile tarehe. Akarudia.

"Na hapa," Johnson akasema, "kila mwenye chochote alichokificha akilete. Akilete kifanywe nini?"

"Nikipige taipu, bwana."

Johnson hakucheka. Kanyiva alimweleza habari za Mwalimu, za ngumbaru, za pwani, za hemu. Alieleza vizuri, na kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kusikika kama uongo uliotungwa na mtu mwerevu. Aliulizwa nani alikosea, akasema ni yeye, alikosea kwa mashine yake. Johnson akaligeuza tangazo, akapitisha kidole nyuma yake, pale herufi zilipokandamiza karatasi.

"Mashine yako haifanyi hivi. Hizi ni herufi za risasi. Kuna mtu alisimama akazipanga. Nani?"

Kanyiva alisema alimpa mtu fulani mjini, hamjui jina.

"Sawa," Johnson akasema kwa upole. "Hilo tutalirudia."

Kisha akamwambia athibitishe hiyo hemu. Kama kuna insha, aione.

Basi mwone Kanyiva, akiwa katikati ya wanaume wawili katika gari, wakiingia Maringo saa nane mchana, na pale bombani ndoo zinafurika kwa sababu hakuna anayefunga maji. Chumbani Johnson aliketi kitandani akafungua kamba, akasoma. Alisoma ile ya foleni. Alisoma ile ya kuazimana chumvi. Mwenzake aliyesimama mlangoni alipiga miayo mpaka machozi yakamtoka. Alipofika "Mapindo", Johnson alisoma ukurasa wa kwanza, akasimama, akazikunja kurasa zote akatia ndani ya koti.

Kanyiva alimwambia kwamba hakuna nyingine. Aliomba aitaipu kwanza, hata kwa ule utepe uliochoka, hata wao wakiwa wamesimama pale.

"Kama ni hemu kweli, itarudi," Johnson akasema. Na hapo wakamwacha huru. Insha ilimwokoa, na insha ikaenda.

Kiwandani walimtoa ofisini wakampeleka stoo, kwa sababu meneja hakutaka mtu anayefuatwa na magari. Kila alipopata ruhusa alikwenda kuuliza ile karatasi. Kaunta ya kwanza ilimtuma ya pili, na ya pili ikamwambia hakuna kitu kama hicho, na kwamba hapo hakuna Johnson.

Alijaribu kuikumbuka. Mwalimu aliwahi kuisoma darasani, na Kanyiva mwenyewe aliisoma mara moja alipoitoa kwenye droo. Maana alikuwa nayo, maneno hakuwa nayo. Alikumbuka kwamba mwishoni Mwalimu aliuliza nani ana haki ya kufumua pindo la mwenzake, na kwamba jibu lilimshtua, akaweka karatasi chini akatazama nje. Jibu lenyewe lilikuwa nini? Wangu hakumsaidia. Alisema Mzee alikuwa na jibu jipya kila jioni, na yeye alikuwa na sare za kushona.

Hapo ingeishia. Lakini Desemba ile, soko la Jericho likiwa limejaa wazazi wanaotaka sare za Januari, mwanamume mmoja alifika kibandani kwa Wangu na longi mkononi, suruali ndefu. Alitaka ipunguzwe. Alivaa, akasimama juu ya kigoda, na Wangu akapiga magoti kupima, pini ziko mdomoni. Hakuwa amemwona mtu huyu maishani. Kisha akasikia sauti kutoka juu, ya mtu anayesoma kwa kichwa:

"Aliyeacha pindo amekubali kwamba hajui mtoto atafika wapi."

Wangu aliniambia kidogo ameze pini. Alimaliza kupima mguu wa kwanza, akahamia wa pili, hakuinua uso. Mtu huyo akasema longi ataifuata wiki ijayo. Wangu alifunga kibanda, jua bado kali, akaenda mbio hadi kule kiwandani akisema ile sentensi njiani ili isianguke.

Kanyiva aliitaipu siku hiyo hiyo, na kwa sura aliyoelezwa akajua mteja ni nani. Sasa walijua mambo mawili: insha ipo, na Johnson ameisoma mpaka inamtoka mdomoni.

Aliporudi kuchukua longi, Wangu alimwambia mguu mmoja umekuwa mfupi, lazima apimwe upya. Johnson akapanda kigodani bila kulalamika. "Kitambaa kilichokunjwa ndani hakikuona jua," akasema, "kwa hivyo rangi yake ni ile ya dukani. Siku ukikifumua, nguo hiyo moja itaonyesha umri wake wote kwa mara moja." Mara iliyofuata Wangu alikuwa amepoteza kifungo. Mara iliyofuata uzi ulikuwa wa rangi isiyofanana. Nikwambie, hapajawahi kuwa na fundi mbovu kama Wangu miezi ile, na hapajawahi kuwa na mteja mvumilivu kama yule.

Kanyiva alianza kuja kuketi pale siku za Jumamosi, akishona vifungo. Johnson alimsalimu kama mtu wa nyumbani. Na kurasa zilikuwa zikirudi, polepole, kwa mdomo wa askari kanzu. Mtu naye ana pindo, alisema. Kuna urefu ndani yake ambao hata yeye hajauvaa. Kanyiva alikuwa akiyasikia, na hakuweza kujizuia kufurahi. Alijua sauti ya Mwalimu. Mtu yule hakuwa akiongeza chake.

Ndipo Johnson alipoanza kuuliza.

Kwanza yalikuwa maswali ya kawaida. Mwalimu alikuwa akinywa pombe? Alisali wapi? Kisha, baada ya kusema sentensi moja tamu sana juu ya mama anayeficha mshono, aliuliza kana kwamba anauliza bei ya sukari: ngumbaru ile, walikuwa wakisoma akina nani?

Wangu alielewa mara moja. Yeye ni mtu wa soko, anajua mtu anayeonjesha. Alimpa jina. Alikuwa kuli mmoja wa Kaloleni. Johnson alishukuru, akatoa sentensi nyingine. Wiki iliyofuata Wangu akampa jina la yaya mmoja, akapata nusu ukurasa. Alikuwa na majina mengi.

Siku moja Johnson alifika, hakupanda kigodani. Alisimama mlangoni, akazuia mwanga.

"Mathe, watu wako wote nimewatafuta. Wote wako Lang'ata."

"Lang'ata ni mbali," Wangu akasema.

"Makaburini, mathe."

"Mimi si mathe wako, sikukuzaa. Uliuliza nani walisoma. Hukuuliza nani wanapumua."

Johnson alitabasamu. Alisema hata Mwalimu asingejibu hivyo. Kisha akaacha kutabasamu, si kwa hasira, kama mtu anayevua miwani tu. Akasema kwamba ametoa nyingi na amepewa maiti, na kwamba sasa umebaki ukurasa mmoja, wa mwisho. Atakuja nao Jumamosi, wenyewe, ule ulioandikwa kwa mkono wa Mzee. Hataki majina ya wanafunzi tena. Anataka jina moja tu: mtu aliyepanga zile herufi.

Siku zile zilikuwa nzito. Mtu aliyejua zaidi ya jina lako alikuwa mzigo. Okumu bado alikuwa Shauri Moyo, akipanga kadi za harusi. Kila gari liliposimama nje vidole vyake vilikosea kisanduku. Alikuwa na mke na watoto wadogo, na alikuwa amechapa tangazo lile kwa mashine ya tajiri, bila jina la mchapaji chini, jambo ambalo peke yake lingetosha kumfunga. Wangu alimweleza mpango wa Johnson, na Ijumaa mchana alikuja kibandani, mikono yake myeusi kwa wino.

"Nitaje, sister," akamwambia Kanyiva. "Kosa ni langu. Nitakaa ndani kidogo, nitatoka. Kitabu kitakaa."

"Na wakikuuliza nani mwingine?"

"Sitasema."

"Utasema," Wangu akaingilia, hakuacha kukanyaga cherehani. "Utawataja wote mpaka kuku wa Mama Nerima hapo jirani."

Okumu alicheka kidogo, kisha akaangalia mikono yake. Nilimwuliza Kanyiva baadaye kama alishawishika, na hakunificha. Alisema usiku kucha alikuwa akisikia lile jibu la Mwalimu karibu kabisa, kama mtu anayepumua upande wa pili wa ukuta. Alisema alifikiri hivi: Okumu mwenyewe ameruhusu.

Jumamosi Johnson alifika mapema. Longi yake ilikuwa tayari, imepigwa pasi, inaning'inia. Aliketi kwenye kiti cha wateja akatoa ule ukurasa. Kanyiva aliutambua hata kabla haujafunguliwa, maana Mwalimu alikuwa akiandika nyuma ya kalenda na tarehe nyekundu zilionekana kupitia karatasi. Nje watu walikuwa wakibishana bei ya sukumawiki. Johnson akasoma, kwa sauti nzuri, bila haraka:

"Basi nani mwenye haki ya kufumua pindo la mwenzake? Si fundi aliyelishona. Si baba aliyenunua kitambaa. Mwenye haki hiyo ni yule—"

Akaweka kidole pale alipokomea, akainua macho.

Wangu aliacha kukanyaga. Kanyiva alikuwa ameshika kifungo na sindano, na aliona kwamba maneno yaliyobaki ni mistari miwili tu, labda mitatu. Angeweza kusogea akaisoma kichwa chini. Johnson aliona anakotazama, akageuza kiganja juu ya karatasi.

"Nasikiliza," akasema.

"Baki nayo, bwana Johnson."

"Unajua hutaiona tena."

"Najua."

"Na huyo mtu nitampata tu. Siku moja, bila wewe. Halafu utakuwa umepoteza vyote viwili."

Kanyiva alitia uzi kwenye sindano. Akakosa tundu, akajaribu tena. Johnson alingoja kwa muda mrefu, kama mtu mwenye siku nzima, kisha akaukunja ukurasa mara nne na kuurudisha ndani ya koti. Alichukua longi yake, akaikagua chini, akapima kwa vidole upana wa kitambaa uliokunjwa ndani.

"Umeniachia hemu ya kutosha, mathe?"

"Ya kutosha," Wangu akasema.

"Vizuri. Mimi bado nakua." Akaenda zake katikati ya soko, na watu wakampisha bila kujua kwa nini.

Okumu aliondoka Nairobi kabla ya Pasaka. Alisema anakwenda kuzika shangazi, na hakurudi. Kwa hivyo hapakuwa na herufi za risasi wala jina kwenye mgongo. Kitabu kilitoka miaka miwili baadaye kwa stenseli alizozitaipu Kanyiva, kimeshonwa na Wangu kwa uzi wa sare, nakala chache, za mkono kwa mkono. "Mapindo" imo. Inaishia pale pale, "ni yule", na chini yake karatasi ni nyeupe. Wangu alimsihi Kanyiva amalizie kwa kichwa chake, kwani si anamjua Mzee vya kutosha? Kanyiva alikataa. Wasomaji wake wanadhani ukurasa ulipotea, na yeye huwaacha wadhani hivyo.

Bado anakusanya. Yuko Maringo, chumba kile kile, na bado karatasi za Mwalimu hujitokeza, ndani ya sanduku la marehemu fulani, chini ya kabati la fulani. Ukimpelekea moja atakukaribisha chai. Ataitaipu papo hapo, wewe ukiwa umeketi kitandani, kisha atakurudishia kabla kikombe hakijapoa, kwa sababu hakuna karatasi ya asili inayolala kwake tena, hata usiku mmoja. Na ukiinuka kuondoka atakushika mkono, atakuuliza kwa ile sauti yake ya chini kama ulipokuwa ukija kuna mtu usiyemjua njiani aliyekusalimu kwa jina.